Mnyama Mmoja, Wawindaji Mia

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini katika majimbo ya Magharibi ya Marekani mtu aweza kuwa na kisu kikali, bunduki nzuri, farasi wa kubebea mizigo na macho ya kozi, na bado mwaka ukapita asionje nyama ya mwituni. Si kwamba alilenga akakosa, bali hakuruhusiwa hata kuupanda mlima. Huko, kinachotangulia kisu ni karatasi.

Karatasi hiyo ni kibali cha kuua mnyama mmoja mkubwa. Hutaja aina ya mnyama, mara nyingi hutaja kama ni dume au jike, hutaja eneo la kuwindia, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwindaji akiisha kuua, humpasa kukitia alama kibali chake na kukifunga juu ya mzoga kama sheria ya jimbo iagizavyo, ili askari wa wanyamapori akimkuta njiani aone kwamba nyama ile ni ya halali. Kibali kimoja ni mnyama mmoja, na kikiisha kutumika hakina kazi tena.

Vibali hivyo ni haba, na wavitakao ni wengi. Miongoni mwao mwenye taabu kubwa ni mgeni, na mgeni huyo si mtu wa ng'ambo bali ni raia wa Marekani aishiye katika jimbo jingine. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kusikia kwamba wawindaji wageni hutoka Ulaya na Marekani, huenda akaona ajabu kwamba Mmarekani naye ni mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe. Fundi wa Minnesota hulipa kodi kwa serikali ileile na hupewa pasipoti ileile kama mchungaji wa ng'ombe wa Wyoming. Lakini siku aombapo kibali cha kuwinda Wyoming, huwekwa katika foleni nyingine, fungu lake huwa dogo, na bei yake huwa kubwa.

MNYAMA NI WA NANI?

Chanzo cha mambo haya ni msiba. Katika karne ya 19 wanyama wa Marekani waliuawa pasipo kiasi, ngozi na nyama zikauzwa sokoni. Nyati wa nchi hiyo, waliokuwa mamilioni, walibaki pungufu ya elfu moja ilipokaribia miaka ya 1890. Wapiti, ambaye ni jamii ya kulungu mwenye umbo kubwa na pembe zenye matawi, alikadiriwa kubaki pungufu ya laki moja mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wakaanza kuogopa kwamba watoto wao wangewajua wanyama hao kwa picha tu.

Mwaka 1900 ikatungwa sheria ya taifa, iitwayo Sheria ya Lacey, iliyokataza kusafirisha toka jimbo hadi jimbo nyama ya mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria. Majimbo nayo yakafunga misimu ya kuwinda, yakaweka idadi ya wanyama watakaouawa, na kuajiri askari wa kulinda mapori. Mwaka 1937 ikaja sheria nyingine iliyoelekeza kodi ya asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na risasi irudishwe kwa majimbo kwa kazi ya kuhifadhi wanyama. Hivyo kila anunuaye risasi, hata kama hajawahi kuua sungura, huchangia uhai wa mnyama. Juhudi hizo zilizaa matunda: leo wapiti wanakadiriwa kufikia milioni moja.

Katika kazi hiyo lilijengeka wazo la sheria ambalo ndilo mzizi wa ugomvi wote. Mnyama wa mwituni si mali ya mwenye shamba anamolala, wala kwa kawaida si mali ya serikali ya taifa. Yuko chini ya amana ya jimbo, ambalo humtunza kwa niaba ya watu wake. Lakini ardhi ni habari nyingine. Katika Nevada, kiasi cha asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali ya taifa. Katika Wyoming ni karibu nusu. Milima, misitu na nyika hizo ni mali ya raia wote, awe wa New York au wa Texas.

Hapo ndipo penye fundo: ardhi ni ya taifa, mnyama aliye juu yake ni wa jimbo. Mgeni aweza kupiga hema katika msitu wa taifa pasipo kumwomba ruhusa gavana wa jimbo; lakini wapiti apitaye mbele ya hema lake hana ruhusa ya kumgusa.

KESI YA MONTANA

Fundo hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1976 mkazi wa Montana aliyetaka kuwinda wapiti peke yake alilipa dola 9. Mgeni hakuweza kununua leseni hiyo ndogo. Ilimpasa anunue leseni ya mseto, yenye wanyama kadhaa ndani yake, kwa dola 225. Kwa mtu aliyetaka wapiti tu, bei hiyo ilikuwa mara 25 ya ile ya mwenyeji. Mwongozaji mmoja wa wawindaji wa Montana, pamoja na wawindaji kutoka Minnesota, walishtaki. Walidai kwamba Katiba yawataka raia wa jimbo moja watendewe haki sawa na raia wa jimbo jingine.

Tarehe 23 Mei, 1978, mahakama ilitoa hukumu kwa kura 6 dhidi ya 3. Hakimu Harry Blackmun, aliyeandika hukumu, alisema kwamba mtu hawezi kuzuiwa kutafuta riziki yake katika jimbo jingine, kwa maana haki kama hiyo ndiyo iyafanyayo majimbo kuwa taifa moja. Lakini kuwinda wapiti kwa starehe si haki ya namna hiyo. Kwa hiyo Montana haikuvunja Katiba. Hakimu William Brennan na wenzake wawili walipinga. Kwao, jimbo lililotaka kumbagua mgeni lilipaswa kwanza kuonyesha kwamba mgeni huyo ndiye chanzo cha tatizo.

Tangu siku hiyo mlango ulikuwa wazi kwa majimbo kuwatenga wageni kwa bei na kwa idadi. Montana huweka kikomo cha leseni 17,000 kwa mwaka kwa ile leseni kuu ya mseto ya wageni, na bei yake sasa imepita dola 1,000.

SHERIA ILIYODANDIA GARI LA VITA

Hata hivyo ugomvi haukuzimika. Arizona iliweka kwamba wageni wasipate zaidi ya asilimia 10 ya vibali vya baadhi ya wanyama watamaniwao sana. Wawindaji wa nje wakashtaki tena, safari hii kwa hoja ya biashara baina ya majimbo: kwamba uwindaji huleta fedha za hoteli, za waongozaji na za pembe, na jimbo haliwezi kuzuia biashara ya taifa. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ilikubali kwamba hoja hiyo ina uzito, na mwaka 2004 kikomo kile kikatenguliwa.

Wenyeji wa Magharibi walishtuka. Seneta Harry Reid wa Nevada akapeleka bungeni kifungu kilichotamka wazi kwamba jimbo laweza kutofautisha kati ya mkazi na asiye mkazi katika leseni za kuwinda na kuvua samaki. Kifungu hicho hakikusafiri peke yake. Kilitiwa ndani ya sheria kubwa ya fedha za dharura kwa ajili ya vita na kwa msaada wa nchi zilizopigwa na mawimbi ya tsunami, sheria iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush tarehe 11 Mei, 2005. Hivyo sheria iliyolipia risasi na mikate ya askari waliokuwa Irak na Afghanistan ilibeba ndani yake fungu la kulungu na wapiti. Huenda askari wengi waliolindwa na sheria hiyo hawakujua kwamba siku hiyohiyo ilikuwa imewapunguzia nafasi ya kuwinda katika jimbo la jirani.

Leo kila jimbo lina kipimo chake. New Mexico hugawa vibali vya kura katika mafungu matatu: asilimia 84 kwa wakazi, asilimia 10 kwa waombaji waliopatana na waongozaji waliosajiliwa katika jimbo, na asilimia 6 tu kwa wageni wanaojitegemea. Idaho huwapa wageni nafasi isiyozidi asilimia 10 katika uwindaji wenye vibali maalum. Wyoming, ambayo zamani iliwapa wageni robo ya vibali vya kondoo-mwitu wa milimani, iliamua kwamba kuanzia mwaka 2023 wakazi wapate asilimia 90 na wageni 10.

FOLENI ISIYOFIKA MWISHO

Uamuzi huo wa Wyoming waliumia zaidi wale waliokuwa wamengoja muda mrefu. Ili kufahamu uchungu wao, yafaa kufahamu habari ya alama.

Kila mwaka mwombaji akikosa kibali, majimbo mengi humpa alama moja, ama humwuzia. Katika baadhi ya majimbo, kama Wyoming, vibali vingi hupewa kwanza wenye alama nyingi zaidi, kama watu waliopanga foleni dukani. Katika Nevada na Arizona alama ni kama tiketi za ziada za bahati nasibu: mwenye nyingi ana nafasi kubwa, lakini aliyeanza jana naye aweza kubahatika. Nevada huzidisha alama kwa zenyewe, hata mwenye alama 10 huhesabiwa kama ana 100. Arizona hutenga sehemu ya vibali kwa wenye alama nyingi kabla ya kura ya wote. Utah hugawa nusu kwa nusu. Idaho na New Mexico zimekataa mtindo huo kabisa: huko kila mwaka watu wote huanza sawa.

Foleni yaonekana kuwa ni haki, maana aliyetangulia hutangulia. Lakini hesabu yake ni kali. Chukua mfano wa eneo litoalo vibali 20 kwa wageni kila mwaka, na mbele ya foleni wamesimama watu 600 wenye alama sawa. Kuwamaliza hao peke yao kutachukua miaka 30. Kijana wa miaka 25 aliye miongoni mwao, akiwa na bahati mbaya, ataitwa akiwa na miaka 55. Na yule aliyejiunga nyuma yao mwaka huu, je? Kila mwaka alama zake huongezeka, na kila mwaka alama zihitajiwazo huongezeka pia. Ni kama mtu akimbizaye kivuli chake.

Alama nazo si za bure. Katika Wyoming alama moja ya kondoo-mwitu kwa mgeni imefikia dola 150 kwa mwaka. Katika Arizona mgeni sharti anunue kwanza leseni ya dola 160, isiyorudishwa fedha, ndipo aruhusiwe kuingia katika kura. Baba wa familia akiomba katika majimbo matatu au manne, hutumia fedha nyingi kila mwaka kununua tumaini tu, na mama wa nyumba ana haki ya kuuliza: tumaini hilo litaiva lini? Watu walionunua alama za kondoo kwa zaidi ya miaka 20, kisha wakaona fungu la wageni limekatwa kwa kura ya wabunge wa jimbo wasilolipigia kura, hawakuwa na mahali pa kukata rufani.

MLANGO WA MWENYE FEDHA

Wakati maskini angojapo, tajiri hutafuta mlango mwingine, na milango ipo. Wyoming huuza leseni za wageni kwa bei mbili. Mwaka 2024 mkazi alilipa dola 57 kwa wapiti. Mgeni alilipa dola 692, au akipenda, dola 1,950 kwa ile iitwayo leseni maalum. Mnyama ni yuleyule, msimu ni uleule. Kilichonunuliwa kwa bei ya juu ni kura yenye washindani wachache. Katika New Mexico na Colorado, wenye mashamba wanaolisha wanyama hupewa haki ya vibali ambayo waweza kuiuza, na mnunuzi huwa hana haja ya foleni.

Kadhalika majimbo hutoa kibali kimoja au vichache kwa mnada. Mwaka 2013 kibali kimoja cha kondoo-mwitu wa Montana kilinunuliwa kwa dola 480,000. Fedha hizo hazikwenda mfukoni mwa mtu; zilielekezwa katika kazi ya kuhifadhi kondoo haohao. Ndiyo sababu wengi wanaonung'unikia mnada huo hawathubutu kutaka ufutwe.

Hata aliyepata kibali hajamaliza safari. Wyoming haimruhusu mgeni kuwinda mnyama mkubwa katika mapori ya taifa yaliyotengwa kama nyika asilia isipokuwa afuatane na mwongozaji mwenye leseni, au mkazi wa jimbo mwenye ruhusa ya kumwongoza. Mtu huyohuyo aweza kuingia peke yake katika pori hilohilo akiwa na kamera au ndoano ya samaki. Wageni husema kwamba sheria hiyo yalinda biashara ya waongozaji. Watetezi wake husema kwamba yawalinda wageni wasipotee mlimani.

ASKARI NA CHOROA

Majimbo mengi yamewakumbuka askari. Askari aliyehamishiwa kambi ya jimbo huhesabiwa kuwa mkazi kwa leseni za kuwinda, mara nyingi baada ya muda mfupi kuliko raia, na pengine pamoja na mke na watoto wake. Masharti hutofautiana jimbo hadi jimbo; lakini kwa familia ihamayo kila miaka michache, huruhusu baba au mama kuwinda kwa bei ya mwenyeji badala ya kuwa mgeni kila aendako.

Uko uwindaji mmoja unaounganisha mambo haya na Afrika. Katika New Mexico kuna uwanja mkubwa wa jeshi wa kujaribia makombora, uitwao White Sands. Katika ardhi yake ndipo bomu la kwanza la atomiki lilipolipuliwa mwaka 1945. Kati ya mwaka 1969 na 1977 jimbo liliachilia humo choroa wasiofika mia moja, wa asili ya jangwa la Kalahari, ili wawindaji wapate mnyama mkubwa katika nchi kame. Walioleta choroa hawakuleta simba. Choroa, asiyehitaji maji mengi na mwenye pembe kali kama mikuki, alizaa pasipo hofu hadi wakawa maelfu, wakaenea nje ya uwanja.

Leo jimbo lina mzigo wa kuwapunguza, na bado watu hushindana kwa kura ili waingie katika uwanja ule wa jeshi kuwawinda chini ya taratibu za ulinzi. Baadhi ya nafasi zimetengwa kwa askari waliorudi kutoka vita vya Irak na Afghanistan. Hivyo mnyama wa Kalahari, asiyekuwa na amana ya mababu huko Marekani, naye amekuwa na foleni yake na mafungu yake.

NANI MWENYE HAKI?

Mwenyeji ana hoja yake. Yeye ndiye akaaye na wapiti mwaka mzima: hula majani makavu aliyowawekea ng'ombe, huvunja uzio wake, huvuka barabara usiku mbele ya gari lake. Huenda alikubali mshahara mdogo kuliko wa mjini ili aishi karibu na milima, na nyama ya mnyama mmoja hulisha nyumba yake majira yote ya baridi. Anapoona magari ya majimbo mengine yamejaa mwanzo wa kila njia ya mlimani, huona kwamba chakula chake chagawiwa wapita njia.

Mgeni naye ana yake. Ardhi ile ni yake kama ilivyo ya mwenyeji. Zaidi ya hayo, idara za wanyamapori za Magharibi hazitegemei sana kodi ya kawaida. Hutegemea leseni, na katika majimbo kama Wyoming na Montana sehemu kubwa ya fedha za leseni hutoka kwa wageni. Mshahara wa askari wa wanyamapori amlindaye wapiti wa mwenyeji umelipwa kwa kiasi kikubwa na mtu aliyenyimwa wapiti huyo.

Wote wawili wasema kweli, na ndiyo sababu ugomvi huu haumaliziki. Lakini liko jambo moja ambalo katika makelele yote hayo halibishaniwi sana. Wanagombania fungu, wanagombania foleni, wanagombania bei. Ni wachache wanaodai kwamba vibali viongezwe kupita uwezo wa kundi ili kila mtu aridhike. Idadi huwekwa kwanza, kwa kupima wanyama waliopo na malisho yaliyopo. Swali la nani apate huja baadaye. Mababu wa wawindaji hao walifanya kinyume: waligawana kwanza, wakahesabu baadaye, wakakuta hakuna cha kuhesabu. Kunyimwa kibali ni uchungu, lakini ni uchungu wa mtu ambaye mnyama wake angali hai mlimani.

Sheria ya Arizona ina kifungu kidogo kinachostahili kukumbukwa na wazazi. Mzazi, babu, bibi au mlezi aliyepata kibali cha mnyama mkubwa aweza kumkabidhi mtoto wake aliye na umri na mafunzo yatakiwayo, ili mtoto ndiye akitumie. Mtu aweza kungoja miaka 20, akalipa kila mwaka, akakipata kibali magoti yakiwa yameanza kuuma. Kisha asubuhi ya siku ya kwanza akambebea mtoto maji na chakula, akapanda nyuma yake mlimani pasipo bunduki.